Lensi Mbili na Nafasi Miguuni pa Kitanda

Kwa Godfrey Fundi Baiskeli,
S.L.P. 17,
Mikumi.
20 Machi 1994.

Mpendwa shemeji Ditram,

Salamu nyingi. Hujambo huko Hamburg? Kazi ya bandarini inakwendaje, na ule mgongo? Sisi wazima. Mimi kifua kilinibana tulipokuwa tunamwaga lami kule porini, sasa kimeachia. Binti yangu Katarina amejifungua salama, mtoto wa kike. Kampa jina la marehemu mama yake, Marselina. Nikimwita huyo mtoto nasita kidogo. Nitazoea.

Barua yako ilifika. Umeona lensi mbili kwa muuza vitu vya zamani, ya 28 na ya 35, unauliza ipi itafaa kamera ya baba yenu. Nitajibu, ila nianze na mama yenu.

Mama hainuki tangu mwezi wa kumi na mbili. Anakula kidogo, anasema sana. Kichwa chake kizima kuliko changu, miguu ndiyo imekataa. Daktari kasema ni umri. Sikufichi, shemeji. Sidhani kama tutaumaliza mwaka naye.

Anachotaka ni picha. Wote waliobaki, chumbani mwake, yeye katikati kaegemea mito. Kubebwa nje hataki. Anasema yeye si gunia.

Ugumu uko kwangu. Mimi mkwe, chumbani kwa mama mkwe siingii, unajua. Itabidi nipige nimesimama mlangoni. Mbele heshima inanizuia, nyuma ukuta wa korido unanizuia. Kwa lensi iliyopo, pale mlangoni nampata mama na dada yako Teresia, basi. Wengine wanakatwa.

Na kukata watu nimeshakata. Sikukuandikia hili. Pasaka ile ya mwisho niliwapiga sebuleni, Marselina kakaa mwisho wa benchi maana nafasi nzuri aliwapa wengine. Kwenye kitundu cha kuchungulia nilimwona mzima, hata anacheka. Kumbe kitundu kipo pembeni ya lensi, na mtu akiwa karibu jicho linaona lake na lensi inaona lake. Picha ilivyorudi, wote wamo. Yeye limeingia bega tu, na mkono umeshika kikombe. Miezi mitatu baadaye tukamzika. Picha ya mwisho ya mke wangu ni bega. Sitaki kurudia kwa mama yake.

Basi nikapanda lori hadi Kilosa kwa mzee Mwinshehe, yule mpiga picha wa karibu na stesheni. Ndiye aliyekuwa anamsafishia baba yenu filamu tangu Mgiriki wa shamba la mkonge alipomwachia hiyo kamera. Nikamwamkia, nikampa barua yako. Kasoma, kacheka.

"Huyu wa Ulaya anauliza lensi, na wewe chumba hujapima. Mnanunuliana viatu bila miguu?"

Akanifundisha. Chukua boksi, toboa dirisha la sentimita 36 kwa 24. Funga uzi, piga mafundo mawili, moja sentimita 35 kutoka kwenye boksi, jingine 28. Fundo likigusa shavu chini ya jicho, unachokiona dirishani ndicho lensi ya namba hiyo itakachokiona. Ajabu namba ndogo ndiyo inaona pana. Mimi nilidhani kinyume.

Nilikata boksi la sabuni. Jumapili Teresia akawapanga: mama katikati, yeye na mumewe Godfrey, ambaye kwao mkwe kuingia si mwiko, huku, Naomi wao na Katarina na kichanga kule. Mimi mlangoni na boksi usoni. Mama akaniona.

"Teresia, mkwe anapima nini? Jeneza?"

"Anapima picha, mama."

"Mwambie asikosee. Bado nanenepa."

Godfrey alicheka mpaka kichanga kikaamka.

Fundo la 35: sita wote wamo. Godfrey bega lake liko mpakani kabisa, lakini wamo. Nikasogeza la 28. Wakawa wadogo, na miguuni pa kitanda pakabaki wazi, nafasi ya mtu mmoja. Nikasema nilichokiona. Teresia akaleta stuli na maua yake ya plastiki kuziba pengo. Mama akamkatalia.

"Toa hiyo. Hapo pa Ditram."

Teresia akayanyanyua maua yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Lensi zote mbili zinafaa. Ukimpa mtu atuletee, mpe ya 35. Mzee Mwinshehe anasema haipindishi watu, na sita watatosha. Ukija mwenyewe, njoo na ya 28, maana tutakuwa na wa saba. Hiyo inawavuta kidogo waliokaa pembeni. Utavutwa wewe, hutakufa. Mimi usinihesabu, ninabonyeza.

Ipi uchukue, mimi sichagui. Hiyo ni yako. Miaka tisa uko huko sikukuuliza kitu, na sasa siulizi. Ila usitume ya 28 kwa mkono wa mtu. Mama anajua ya 28 ndiyo yenye nafasi yako; ataniuliza ni ipi imefika, na mimi kumdanganya siwezi.

Yoyote utakayochukua, angalia iwe ya kufunga kwa kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Zile za kubana hazishiki kwenye kamera hii. Imulike kwenye mwanga, isiwe na ukungu ndani ya kioo. Kile kijicho cha kuchungulia, cha kuweka juu ya kamera, ukikipata chukua, usipokipata ninalo boksi. Filamu usihangaike nazo, siku hizi za rangi zipo mpaka dukani hapa Mikumi. Zamani hata hiyo sabuni ya boksi tuliipangia foleni.

Tembo wamepita shamba la Godfrey, wamemwachia mabua. Analalamika, lakini baiskeli za kutengeneza zipo nyingi, njaa hatuna.

Teresia, Godfrey na Naomi wanakusalimu. Katarina anasema hujamwona mjukuu. Mzee Mwinshehe anasema ukipita Kilosa usimpite. Mama hakutuma salamu. Nilimuuliza, akasema zako anazo, atakupa mkononi.

Mungu akulinde kazini na njiani, kama njia ipo.

Ile stuli tumeirudisha sebuleni.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda bila maneno mengi,
Onesphory