Historia ya Marehemu Malale

Mwamkulu, Mpanda

Dada Pudensiana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, wewe na watoto, na kwamba tembo hawajarudi tena kwenye mahindi yenu hapo Sitalike. Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio umechafuka, tena umechafuka kabisa, na nisipokutapikia wewe sijui nimtapikie nani.

Unaikumbuka ile hadithi niliyoianza nilipojifungua Providence? Mtoto sasa yuko darasa la pili, hadithi bado iko sura ya kwanza. Kutwa nafundisha, nikirudi kuna kuni, ndama, wakwe. Hayo nayavumilia. Kinachonitia kinyaa ni kwamba ile saa yangu ya kuiba Jumamosi, wakwe waliigundua. Waliponiona na kalamu wakasema kumbe Dorice anajua kuandika. Basi! Risala ya mgeni rasmi, Dorice. Hotuba ya baba wa bibi harusi, Dorice. Akifa mtu, historia ya marehemu, Dorice. Na zote uongo mtupu: mgeni rasmi mchapakazi, marehemu mcheshi na mpenda watu. Nimeandika "mpenda watu" mpaka nikiliona neno hilo mate yananijaa mdomoni.

Wiki iliyopita akafariki Mzee Malale, baba mdogo wa mume wangu. Unamjua. Ndiye aliyemvunja mkewe Nyanzala mkono, kisha akamfukuza akalale zizini na ng'ombe, eti ugali umepoa. Masunga mume wangu alinikuta na hadithi yangu mezani, akasukuma karatasi pembeni kama maganda ya karanga, akasema niandike haraka, na nisisahau kutaja jinsi marehemu alivyompenda mkewe.

Dada, nilimwandika Malale kama alivyokuwa. Niliandika mkono, nikaandika zizi na ugali. Wala sikutoa karatasi hiyo kwa makosa kama wengine wanavyodhani. Nilijua shemeji yangu Zefania, msomaji wetu wa misibani, huwa hapitii kitu kwanza. Hupokea, hukohoa, huanza kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Akasoma hivyohivyo, kwa madaha, na alipogundua anasoma nini alikuwa ameshafika zizini. Watu wakainamisha vichwa. Mjane wake Nyanzala peke yake ndiye aliyeinua uso, akamwomba arudie hapo, hakusikia vizuri.

Sasa ukoo umekaa kikao. Wanataka niandike nyingine, wanaiita "safi", isomwe Jumapili wakati wa kumaliza msiba, na niombe radhi mbele ya watu. La sivyo nirudi kwetu. Ujumbe huo kaniletea Masunga mwenyewe, anachokonoa meno, nyama ya msibani bado imo. Nilimtazama ule mdomo. Nikamwambia sina muda, naandika hadithi yangu.

Akadhani nimechanganyikiwa. Hajawahi kusikia mtu akinyimwa muda kwa sababu hiyo.

Nisalimie shemeji na wanao wote, na mama mkwe wako ambaye nakuonea wivu kwa upole wake. Jumapili ukituona mimi na Providence tunashuka hapo barabarani, usiulize kitu mbele za watu. Nitengee tu meza, hata iwe mbovu, mahali penye mwanga.

Mdogo wako,
Dorice