Shimo la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Chai, dawa ya presha, kisha maktaba ya chuo. Akinyi, binti wa pale, ameshaskani ripoti zangu sita za uchimbaji wa mambo ya kale. Anasema zote zitawekwa mtandaoni, yeyote asome bure. Vizuri. Halafu akafika ile ya Moiben. "Mwalimu, uko na picha zake orijino? Hii ya shimo la tatu haionekani poa."
Kwa nini la tatu? Mashimo ni matano. Nimemwambia picha zililiwa na mchwa. Ziko chini ya kitanda changu.

Jumatano, 5 Machi
Ameuliza tena. Anatabasamu mno. Simwamini.
Acha niandike, humu hasomi mtu. Niliripoti kwamba shimo la tatu ni zizi la kale la Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa huku, kama yale mengine manne. Ripoti ikatoka. Ndipo Mzee Kiprono, mwenye shamba, akaniambia taratibu kwamba hilo lilichimbwa na babake, la kuvundikia silaji, majani ya kulisha ng'ombe. Nikanyamaza. Nikapandishwa cheo kwa ripoti hiyo. Nimestaafu nayo. Ikiwa ndani ya kabati, haikunisumbua. Sasa Moiben nzima itaisoma kwa simu.

Ijumaa, 7 Machi
Meza ya Akinyi tupu. Mwenzake akasema, "Ameenda Moiben, Mzee."
Moiben! Nani kamtuma? Mbona hakuniambia? Binti huyu ananichimba.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetoa picha. Pembeni mwa shimo la tatu, udongoni, kuna kipande cha karatasi ya nailoni. Wasirikwa na nailoni wapi na wapi? Nilikiona siku ile ile ya kuchimba. Nilikiona, nikaendelea kuandika.
Nikawasha jiko nizichome. Nikalizima.

Jumatatu, 10 Machi
Akinyi amerudi na fomu. Kumbe ramani ya shamba la mtu haiwekwi mtandaoni mpaka mwenyewe akubali. Hilo tu ndilo lililompeleka. Mzee Kiprono ametia sahihi.
Nikauliza alisema nini kuhusu mashimo.
"Hakusema kitu. Eti hayo ni mambo ya Mwalimu, yeye ndiye anajua. Halafu amekutumia mursik."
Kibuyu kizima cha maziwa ya mgando. Heri angenitukana. Miaka yote hii amenifichia, na mimi nimemshuku binti wa watu bure. Aibu imenikalisha kitini, hata kibuyu sijakifungua.

Jumanne, 11 Machi
Nimempelekea Akinyi picha zote, na karatasi moja niliyoiandika kwa mkono. Shimo la tatu ni la silaji. Lilichimbwa na babake Mzee Kiprono. Niliambiwa, nikanyamaza.
Amesoma mara mbili. Sikuweza kumtazama.
"Niiweke huku mwisho, Mwalimu?"
Nikamwambia aiweke mwanzo, kabla ya jina langu. Akailaza kwenye mashine ya kuskani, akafunga kifuniko. Nimesimama pale mpaka mwanga ukapita.