Makosa Uliyaandika kwa Wino

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Arobaini yako imepita. Hitma tumeisoma palepale kibarazani kwenu Mwananyamala, biriani ikatosha hadi majirani, ungefurahi. Mkuu wa idara yako ya hisabati chuoni naye alikuja. Alikula sahani mbili, akamwambia mkeo "tutamuenzi", kisha akaondoka na madaftari yako. Yale ya wino tu. Ya penseli aliyasukuma kando kwa kiatu, akasema hayo ni uchafu wa kazi.

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake. Miaka yote hiyo ofisi zenu zimepakana, na hajui kwamba kosa ulikuwa unaliandika kwa wino, kwa hati nzuri, ili lisifutike ukalisahau! Kweli uliiandika kwa penseli. "Kweli bado itaongezwa, Rehema," ulikuwa ukiniambia.

Sasa ametoa makala kutoka kwenye lile daftari la bluu, mojawapo ya yale ya wino. Ndimo ulimoandika kwamba wimbi linalojilisha lenyewe, likianza dogo vya kutosha, litatawanyika kabla ya kupata nguvu ya kulipuka, na suluhisho la mlinganyo wake litadumu milele. Nakumbuka siku ulipogundua si kweli. Tulikuwa tunakula mihogo ya kukaanga, ukaacha kutafuna. Udogo peke yake hautoshi, ulisema. Katika anga letu la pande tatu, mlinganyo ule unataka pia mawimbi yanayokwenda njia moja yasilishane. Yakilishana, hata lililoanza dogo kabisa laweza kulipuka. Sharti hilo umeliandika kwa penseli, kwenye huo uchafu.

Nilimfuata nikamweleza. Hakutoa hata macho kwenye simu. "Binti, we kafundishe sekondari yako huko Temeke, haya mambo tuachie sie." Debe tupu. Yeye na wenzake wanakwenda njia moja wakilishana sifa, wangelionaje sharti kama hilo?

Ningemwacha aumbuke. Wallahi ningekaa mstari wa mbele na karanga zangu. Lakini jina lako amelitia la pili, chini ya lake, eti kwa hisani, na Alhamisi anaisoma makala hiyo mbele ya wageni. Kosa litakuwa lako, nawe huwezi kusimama ukajitetea. Nimekukosa, Mwalimu. Sina tena wa kuniuliza "una hakika?" mpaka nikachukia.

Pumzika. Alhamisi nitaingia na daftari lako la penseli, lile lenye mafuta ya mihogo, niliandike sharti lako ubaoni. Sitakaa chini mpaka jina lako litoke kwenye upuuzi ule. Hiyo ni ahadi, na nina hakika.

Barua hii nimeiandika kwa penseli. Kila nilipomtaja Mkuu, nimeweka wino.

Mwanafunzi wako,
Rehema