Filimbi ya Msonobari

Jumapili, 3 Mei 1981
Nimeipata! Sandukuni mwa marehemu shangazi Kerstin, chini ya soksi za sufu – filimbi ya msonobari, matundu manane, imepasuka mdomo hadi mwisho. Hailii. Wanasema hapa kijijini hakuna aliyeipiga tangu kabla ya vita. Mimi fundi seremala – nishindwe kuchonga nyingine?

Jumatano, 6 Mei
Nimechonga mbili. Ya kwanza inapumua tu kama ng'ombe mwenye mafua. Ya pili inalia! Nikampelekea mwalimu wa muziki. Akailinganisha na kinanda chake, akacheka. Eti matundu yamekaa vibaya. Lakini nilipima ile ya shangazi kwa rula, hata nusu milimita sijakosea!

Jumamosi, 9 Mei
Kwa Mzee Halvar, ng'ambo ya mto. Miaka themanini na tatu. Binti yake Ragnhild kanizuia mlangoni: baba hataki kusikia habari za filimbi. Alikuwa mpigaji hodari, lakini kodiani, vile vinanda vya kukunjua, zilipoingia, vijana walimcheka dansini. Akarudi nyumbani, akazitia filimbi zake zote motoni.
Nikageuka niondoke. Sauti kutoka ndani:
"Piga basi, we Gunvor, nisikie!"
Nikapiga palepale kizingitini. Nikamweleza maneno ya mwalimu.
"Mwambie akarekebishe kinanda chake!"
 Ragnhild akafunga mlango.

Jumapili, 17 Mei
Ragnhild kaniita! Tangu siku ile baba yake anapiga mluzi kutwa, anamchosha. Nimeenda na jibini ya mbuzi. Mzee kanifundisha wimbo wa kuitia ng'ombe malishoni, kwa mluzi tu. "Polepole, mama! Unawaita, huwafukuzi!" Nikamuuliza anazijua nyimbo ngapi. Akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia.
Lakini filimbi yenyewe haigusi. Mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa.

Jumanne, 19 Mei
Naandika jikoni kwa Halvar, nyuma ya bahasha. Leo niliiacha filimbi mezani makusudi, nikatoka kumsaidia Ragnhild kuni. Tunarudi – meno ya bandia kwenye kisosi, filimbi mdomoni! Ragnhild kaangusha kuni zote. Maisha yake yote hajawahi kumsikia baba yake akipiga.
Mzee hakusita. Wimbo wa kwanza naujua. Wa pili siujui. Wala wa tatu. Kinasa sauti kiko nyumbani, kilomita nne! Nikiinuka, ataacha? Ragnhild amekaa sakafuni kati ya kuni, machozi tele, ananitolea macho: usithubutu! Basi naandika vidole vyake tu – kimoja, vitatu, nusu ya cha nne – huu ni wa sita, na mzee ndiyo kwanza anavuta pumzi –