Kiti cha Rubani

Kakamega, Novemba 1989

Kwa dada yangu mpendwa Nekoye,

Mwanangu Nasimiyu amevua kiatu chake sasa hivi, akaenda kukiweka juu ya goti la askari anayesinzia hapa barazani pa kituo cha polisi, kisha akarudi kwangu kwa madaha kama bibi harusi. Askari amefungua jicho moja, akakitazama kile kiatu, akalala tena. Nimecheka, dada. Sikujua kama bado naweza.

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima, na mahindi yenu ya Likuyani yamekauka kabla mvua haijayaozesha. Mimi mwili ni mzima. Nasimiyu pia, ila ana uvimbe kwenye paji la uso, nao unapungua. Usishtuke ukiuona. Jirani yangu Awinja, anayekuletea barua hii, anakuletea na mtoto pia, na nitakueleza kwa nini.

Najua mmeshasikia, maana habari mbaya haikosi miguu. Mmeambiwa Lusweti wangu amemkata ndugu yake Makhanu kwa panga. Watu wanasemanga ujeshi hautoki kwenye damu. Wewe mwenyewe uliniambia, siku naolewa, kwamba mtu aliyefungwa kwa sababu ya mapinduzi yale ya themanini na mbili iko siku atalipuka. Leo nakujibu.

Lusweti hajawahi kurusha ndege. Kule jeshi la anga alikuwa fundi wa viti vya rubani. Waliomhoji walitaka jina la mtu aliyekaa kwenye kiti siku ya mapinduzi, na kila aliposema kazi yake ni kukaza skrubu tu, walimvunja kidole. Ndiyo sababu anashikanga kikombe kwa viganja viwili.

Basi kulikuwa na mzungu fundi wa mitambo pale kiwanda cha sukari, ambaye Lusweti alimtengenezea redio. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha, ya kivita, aina ile ile aliyokuwa akiihudumia. Pamoja nayo kulikuwa na kijisanduku kingine, kazi ya kiwanda kingine kabisa, cha chumba cha rubani peke yake: sakafu, kuta, dashibodi na kiti, vyote vya resini, plastiki ngumu ya kumimina, rangi ya maziwa. Lusweti alinieleza kwamba kiti cha plastiki kilichokuja na ndege ni cha uongo, ni kigoda tu, lakini hiki kina mikanda na hata mikunjo ya mto. Alikitazama sana. Kisha akasema, hiki ndicho.

Shida, chumba hicho hakiingii. Ndege ina nusu mbili, na resini ni nene, ukizifunga zinabaki zimeachama. Inabidi ukwangue plastiki kwa ndani mpaka iwe kama ganda la kitunguu, ukiiinua dirishani mwanga upite. Ukizidisha umetoboa. Resini yenyewe unaisugua kwa msasa ndani ya maji, maana vumbi lake ni baya kwa kifua. Gundi ya plastiki haiishiki, inataka ile inayoganda papo hapo, kwa hivyo unajaribu bila gundi, unatoa, unakwangua, unajaribu tena. Vidole vyake haviwezi. Vilivyofanya ni vyangu, yeye akiniongoza kwa mdomo, Nasimiyu mgongoni. Mimi niliyeishia darasa la sita, dada. Na miezi yote hiyo ya kukwangua, Lusweti hakupiga kelele usingizini kama zamani.

Jumapili mchana zile nusu mbili zilikutana bila ufa. Lusweti alicheka, akaniuliza tuanze safari kwa nani, nikamwambia kwa Nekoye, tukale obusuma, ugali wako.

Makhanu akaingia wakati huo huo. Unajua malipo ya miwa yakitoka huku inakuwaje: matrekta hayalali, pombe ya busaa inatiririka, watu wanapasuana vichwa kwa neno moja. Alikuja na wakata miwa wawili, wote wamelewa, wote na mapanga. Alisikia sokoni kwamba ndugu yake anaunda ndege ya jeshi. Lakini usimchukie bure. Mwaka ule wanajeshi walipokuja kumtafuta Lusweti, walimlaza Makhanu na baba yao uani wakawakanyaga. Mzee hakuinuka vizuri tena mpaka tukamzika.

Alimwambia Lusweti kwamba baba alikula buti kwa ajili ya ndege, sasa anataka nani tena ale buti, watoto wa Makhanu? Mkata miwa mmoja akatania, akauliza rubani mkuu anaruka saa ngapi ampeleke nyanya yake Mumias. Makhanu hakucheka. Aliitupa ndege chini akaiponda, halafu akampiga Lusweti usoni kwa bapa la panga, tena na tena, mpaka meno yakaanguka sakafuni. Lusweti hakujikinga. Aliinua mikono juu akakaa hivyo, kama alivyozoeshwa jela, na hilo ndilo lililomtia Makhanu wazimu. Alimwambia apigane kama mtu. Nasimiyu akakimbilia mguu wa baba yake. Makhanu akamsukuma kwa buti, mtoto akagonga ukuta, akanyamaza kimya. Wale wakata miwa kuona hivyo wakatoka mbio.

Makhanu akainua panga tena, na mara hii makali ndiyo yaliyotazama chini. Hapo ndipo alipokatwa. Ni mkono wa kulia, juu ya kiwiko, mfupa ukaonekana mweupe. Ataishi, lakini madaktari wanasema huenda wakauondoa.

Sasa soma polepole, dada. Aliyemkata ni mimi. Panga la kuni lilikuwa nyuma ya mlango. Nilikata mara mbili, na ile ya pili haikuhitajika, alikuwa ameshaangusha lake. Lusweti alininyang'anya panga, akajipaka damu, akafungua mlango akawaambia majirani ni yeye. Na Makhanu alipoulizwa na polisi hospitalini, aligeukia ukuta akasema ndiyo, ni ndugu yangu. Unajua wanaume wa kwetu. Afadhali afe kuliko kusema amekatwa na mke wa ndugu yake. Mmoja amenificha kwa mapenzi, mwingine kwa aibu.

Lakini Lusweti akifungwa tena hatoki akiwa mtu. Jana nilimletea uji hapa kituoni. Nilimkuta kwenye kona ameinua mikono juu, na hakuna aliyemwambia aiinue.

Kwa hivyo nimekuja kusema ukweli. Awinja anasema mahakimu nao walizaliwa na mama, wataelewa. Nina tumaini, dada, kweli ninalo. Labda nitarudi Nasimiyu akiwa anajua kusoma kunishinda. Hapendi kunde, usimlazimishe. Analalanga akishika sikio la mtu, umpe lako.

Nisalimie shemeji. Mama umwambie akiwa ameketi, na awe ameshakula. Baba yake Nasimiyu akija kumchukua, usimfungie mlango, mpe kiti na umkande uso kwa maji ya moto, maana yeye mwenyewe hataki kuugusa—

Afisa amerudi kutoka kula. Anaita mke wa Lusweti aingie. Awinja amemshika mtoto. Dada, naenda kumwambia kwamba