Jumamosi Tunafungua Duka, Mama

Mama,

Nimekaa juu ya ndoo ya rangi, ndani ya chumba cha mbele tulichopanga mkabala na soko. Ukuta bado unanata. Mwanao Deo ametoka kutafuta kitasa kingine, maana kile alichonunua jana kimekataa kuingia mlangoni. Nimeona nikuandikie sasa hivi kabla hajarudi, kwa sababu Jumamosi tunafungua duka, na isingekuwa heshima watu wote wa Sumbawanga wajue na wewe usijue.

Ndiyo, Mama. Duka la chokoleti.

Ngoja nianzie pale ulipotuacha. Wageni wa msiba walipoondoka, nyumba yetu kijijini Pito ilikuwa kimya hata kuku tuliwaona wana kelele. Baba alichukua kanga yako ya kijani akaifunika mashine ya kusagia kakao, akafunga chumba, ufunguo akautia mfukoni. Gunia la kakao ulilokuja nalo mara ya mwisho kutoka kwa dada yako Kyela lilibaki humo humo. Jumapili, nje ya kanisa, watu waliozoea kununua kwako walitupa pole, halafu mmoja mmoja wakawa wanauliza kwa sauti ya chini, "Na ile chokoleti?" Tukawa tunatazama viatu vyetu.

Siku ya arobaini ndugu walipokuwa bado wamekaa, Baba alisema mashine iuzwe. Deo yuko barabarani na lori, wifi zangu wameolewa mbali, nani ataishika? Sijui nilipata wapi ujasiri, Mama. Unajua kwetu sisi Wasukuma mkwe hapayuki mbele ya baba mkwe. Ulikuwa unanicheka nilivyokuwa nikimpita Baba nimeinama kama natafuta sindano. Lakini siku ile mdomo ulinitangulia. Nikasema, "Mimi, Baba."

"Wewe ni fundi cherehani."

"Cherehani nayo nilifundishwa, Baba."

Shangazi mmoja akaguna. Deo akakohoa. Baba akatoa ufunguo, akauweka mezani, akatoka nje. Hakunipa mkononi. Nikauchukua hivyo hivyo.

Mama, sikujua nimejibebesha nini. Nilikuwa nimekutazama miaka yote, nikadhani kutazama ni kujua. Kakao ya kwanza niliiunguza. Ya pili niliikaanga vizuri, nikaipepeta maganda kwa ungo wako, nikaisaga na sukari usiku kucha na mchana wake mpaka ikawa laini kabisa, inang'aa kama mafuta. Nikafurahi. Nikaimimina kwenye sufuria niliyotoka kuiosha. Ghafla ikashikana, ikawa mabonge kama udongo wa kufinyangia vyungu. Kazi yote ile! Nilikaa chini sakafuni nikalia, na sikulilia chokoleti peke yake. Nilikuwa nakulilia wewe, kwa sababu kwenye msiba nilikuwa na kazi ya kupikia watu na sikupata nafasi ya kulia vizuri.

Baba akasimama mlangoni. Hakuwa ameingia chumba kile tangu akifunge. Akatia kidole kwenye sufuria, akasema, "Maji. Tone moja tu linaiua. Mwenzangu alikuwa anaifuta sufuria, anaianika, halafu anaifuta tena."

Ndipo nikajua kwamba mzee huyu alikuwa anakutazama kuliko mimi. Kesho yake alikuja na kigoda chake, akakaa mbali, karibu na dirisha, kama mkwe anayejua mipaka. Nikikaanga, anasikiliza. "Bado," anasema. "Bado... Haya, epua, maganda yanalia." Siku nyingine tunafanya kazi asubuhi nzima maneno yetu ni hayo tu. Lakini kigoda kilisogea, Mama. Kila wiki kilisogea kidogo, mpaka siku moja nikamkuta anamenya kakao kwenye ungo mmoja na mimi, ananisimulia jinsi ulivyorudi kutoka Kyela mara ya kwanza umekasirika, kwa kuwa umekuta kakao imeanikwa kwenye kila uwanja na dada yako mwenyewe hajawahi kuonja chokoleti. "Akaniambia atatengeneza ya kwake," Baba akasema. "Nikamwambia hiyo ni kazi ya Wazungu. Hakuniandalia chai siku ile." Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu uondoke.

Mimi ninalokumbuka zaidi ni lile la wodini. Neema alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa, mimi nimechoka, naogopa, mama yangu mzazi yuko kule bondeni walikohamia na ng'ombe, na barabara imekatika kwa mvua. Ukaja na chupa ya uji wa ulezi, na baada ya uji ukanitia kipande cha chokoleti mdomoni. Ukasema, "Usitafune. Kiache kiyeyuke, na wewe upumzike." Hukusema mimi ni mgeni wala hukuuliza kabila la mtoto. Nikakuita mayu, kama tunavyowaita mama zetu, ukaitika.

Sasa nikueleze kubwa zaidi.

Unakumbuka ng'ombe wa baba yangu walivyoingia shamba la mahindi la Baba kule bondeni. Fidia ililipwa, wazee wakamaliza shauri, ila salamu haikurudi. Wazee wawili, wakwe, wenye mjukuu mmoja, wakikutana mnadani kila mtu anatazama ng'ombe. Wewe ulikuwa unasema, "Ng'ombe hajui mpaka, sisi tunaoujua ndio wa kusemezana," ukaondoka hujawaona wakisemezana.

Tulipoanza kufikiria duka, nikaona chokoleti nyeusi peke yake haitatosha, watoto wanataka kitu cha maziwa. Maziwa mabichi hayaingii kwenye chokoleti, hilo nilikuwa nimeshajifunza kwa machozi. Basi nikachemsha maziwa na sukari polepole, nakoroga, mpaka yakawa mazito, rangi ya asali. Nikayaweka katikati ya chokoleti, juu nikanyunyiza ulezi uliokaangwa. Nikampelekea Baba kwenye kisahani.

Alikula kipande kimoja. Akauliza, "Maziwa ya nani haya?"

Mama, ningeweza kusema ya sokoni. Nikasema, "Ya baba yangu. Anayatuma kwa basi."

Baba akatazama nje. Nikajua hapa ndipo duka linapofia. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kipande kingine. Alipokimaliza akasema, "Mwambie ayalete mwenyewe. Mtu hatumi vitu kwa mkwe wake kama anatuma mzigo."

Nilimpigia baba yangu simu, nikampa ujumbe. Akauliza tu kama huku juu bado kuna baridi.

Alikuja wiki iliyopita. Amevaa koti lake zito na kofia, kabeba dumu la maziwa mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Mimi na Deo tulijibanza jikoni kama watoto. Tukasikia Baba akisema, "Karibu, mkwe. Umechelewa." Baba yangu akajibu, "Nilikuwa nasubiri kuitwa." Basi. Hawakusema habari za mahindi. Walikaa wakazungumzia mvua, na bei ya mbolea, na magoti yao. Jioni wakaja wote wawili hapa dukani kwa miguu, wakashika kibao cha duka, huyu upande huu, yule upande ule, Deo akipigilia misumari, na kila mmoja akimwambia mwenzake amekipindisha.

Kibao kimeandikwa "Kwa Mama Deo". Deo alitaka tuweke na picha yako, Baba akakataa. Akasema dukani watu waje kucheka, picha itabaki sebuleni. Nadhani amesema kweli.

Sitakudanganya kwamba siogopi. Nimeacha wateja wangu wa cherehani. Kuna watu mjini wanasema chokoleti si chakula cha watu wa huku, na kwamba tutafunga kabla ya kiangazi. Juzi chokoleti nzima ilitoka na madoa meupe kwa sababu sikuipoza vizuri, ikabidi niirudishe motoni niianze upya. Na kuna asubuhi nafika kwenye mashine na nasahau, nageuka kukuuliza kitu. Nageuka kabisa, Mama, na sentensi imeshafika mdomoni.

Lakini baridi ya huku Ufipa inatusaidia, haiyeyushi kitu. Kabati la kioo limefika zima. Padri ameahidi kupita kutubariki. Neema ameshachagua mahali atakaposimama, na anasema kazi yake itakuwa kuonja.

Namsikia Deo anarudi, anapiga mluzi, nadhani kitasa kimepatikana. Niishie hapa.

Pumzika, mayu. Baba hatakula peke yake, hilo nakuahidi kabla ya yote. Na mlango huu nitaufungua kila asubuhi, hata siku ambayo atakuja mteja mmoja. Akija huyo mmoja, nitamkaribisha, nitampa kiti, nami nitamhudumia kana kwamba nilikuwa nikimngoja yeye.

Mkweo na mwanao,
Milembe