Siku Jean-Bosco Alipofunga Kitenge

Himbi, Goma
Tarehe 13 Oktoba 2024

Mpendwa shemeji Josias,

Pokea salamu zetu sote. Hali yako huko Lubumbashi ikoje? Joto bado linakusumbua? Na kile kidole gumba alichokuuma mwanetu Akonkwa mwaka jana, kimepona? Sisi tu wazima. Mimi tumbo limeshakuwa kubwa na miguu imevimba, lakini mtoto anacheza vizuri.

Nakuandikia kwa sababu ya ndugu yako Jean-Bosco. Najivunia mume wangu, shemeji, na nimetaka wewe uwe wa kwanza kusikia.

Unakumbuka tulivyofanya siku ile ya chanjo. Tulimdanganya Akonkwa kwamba tunaenda kununua mandazi, kisha wewe ukashika mikono na baba yake akashika miguu. Sindano haikuingia. Na Akonkwa, kwa ule usonji wake, hasahau. Tangu hapo akakataa kupita njia ya kituo cha afya, na baba yake akimgusa tu, anapiga kelele. Jean-Bosco naye, chakula kilikuwa hakimpiti.

Mwezi uliopita surua ikaingia mtaani kwetu. Mtoto wa jirani akalazwa. Niliogopa sana.

Tukaenda kuongea na muuguzi, mama Pascasie. Akatuuliza mtoto akivurugika nyumbani hutulizwa na nini. Nikamwambia kwamba hata na miaka yake minane, kabla tumbo halijakua, nilikuwa namfunga mgongoni kwa kitenge, namkaza sana, anatulia. Pascasie akasema basi, aje kuchanjwa hivyo hivyo. Lakini mimi na tumbo hili? Nikamtazama Jean-Bosco. Yeye akatazama dirisha.

Unawajua wanaume wa kwetu. Watabeba kila kitu, lakini mtoto mgongoni na kitenge, hiyo ni kazi ya mama.

Hata hivyo, jioni ile ile alichukua kitenge changu cha kijani, akapiga magoti mbele ya Akonkwa, akamwambia ukweli: tutaenda kwenye chanjo, itauma kidogo, itaisha. Akonkwa akakimbia. Kesho yake ikawa vilevile. Jioni nyingi alipiga magoti bure, na mimi nilimwonea huruma. Kisha siku moja mtoto akaja mwenyewe, taratibu, akajilaza mgongoni pa baba yake. Nikafunga kitenge haraka kabla sijaanza kulia. Toka hapo tukawa tunafanya mazoezi: kitenge, pamba yenye maji baridi mkononi, namfinya kidogo, namwambia tumemaliza.

Alhamisi tukaenda. Pascasie alituambia tufike baada ya akina mama wa kliniki kumaliza nyimbo zao na makofi, maana zile kelele zinamvuruga mtoto. Jean-Bosco alivaa shati lake la ofisi, kitenge juu yake. Pale kwenye benchi wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akauliza, "Papa, mama wa mutoto iko wapi?"

Akamjibu bila kugeuka, "Leo miye njo mama."

Sindano ikaingia. Akonkwa alilia mara moja tu, akabana kidevu chake shingoni mwa baba yake. Nilipotaka kumfungua, Jean-Bosco alikataa. Akarudi naye kwa barabara kubwa, akapita mbele ya depo anakofanya kazi, akawasalimia wenzake mmoja mmoja. Waliocheka, aliwangoja wamalize, kisha akawasalimia nao.

Nisalimie Miriam na watoto. Mama Julie anakusalimu, anasema umemsahau mama yako mzazi, nami sikumpinga. Akonkwa hatumi salamu, unamjua. Ninapoandika haya amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, ameegemeza kifua chake mgongoni pake, bila kitenge, bila kuitwa. Chai ya Jean-Bosco imepoa mezani na hathubutu kunyoosha mkono aichukue.

Mungu akulinde huko uliko, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Olive